Kaliba Gani ya Bunduki ya Upepo kwa Shabaha ya Mbali? Pointi 177, 22, 25 na 30 Ziko Mezani

Haya, karibuni tena watazamaji wetu. Mezani leo kuna makopo manne ya peleti, yaani risasi ndogo za bunduki ya upepo, yote ya kampuni ya JSB kutoka Jamhuri ya Cheki, na swali ni lile mnalotuuliza kila mara: nikitaka kupiga mbali na nipige pale pale, ninunue kaliba gani, yaani peleti ya kipenyo gani? Sasa, mtu akikujibu hapo hapo bila kukuuliza bunduki yako ina nguvu ya juli ngapi, yaani inatoa nishati kiasi gani, mshukuru, uende zako. Kaliba inakuja baadaye. Kinachotangulia ni nguvu.

Sogeza kamera hapa. Hii ndogo ni pointi 177 ya inchi, yaani milimita 4.5, uzito gramu 0.55. Hii ni pointi 22, milimita 5.5, gramu 1.03, na ina dada yake mzito wa gramu 1.175. Hii ya tatu ni pointi 25, milimita 6.35, na nimechukua ile nzito ya gramu 2.2. Na hili dubwana ni pointi 30, milimita 7.62, gramu 2.9. Ukiziangalia kwa ubavu zinafanana: kichwa cha duara, kiuno chembamba, sketi iliyo wazi nyuma. Sketi hiyo inafanya kazi ya manyoya ya kile kimpira cha badminton, inaburuta nyuma ili kichwa kitangulie. Faida ni kwamba peleti hainyumbi. Hasara ni kwamba hewa inaishika breki vibaya, na kadiri inavyokawia njiani ndivyo upepo unavyopata nafasi ya kuisukuma.

Nianze na mlioko Uingereza. England na Wales, bunduki ya upepo isiyozidi futi-pauni 12, kama juli 16 hivi, mtu mzima anaimiliki bila cheti. Scotland hapana, tangu tarehe 31 Desemba 2016 unahitaji cheti. Mlioko kwingine, na Afrika Mashariki mkiwemo, nendeni polisi mkaulize kabla hamjatoa pesa. Usidhani kwamba kwa kuwa haina baruti basi haihesabiki.

Nguvu ikishafungwa kwenye juli 16 hizo, hesabu ni rahisi. Pointi 177 inatoka mtutuni kwa mita 242 kwa sekunde. Pointi 22 ya gramu 1.03 inatoka kwa 176. Ukiweka pointi 25 nyepesi ya gramu 1.65, unabaki na 140, ambayo kwa masafa ni kujitesa. Ikifika mita 50, pointi 177 imeshuka kama robo mita chini ya mstari wa mtutu. Pointi 22 imeshuka karibu nusu mita. Utasema, si nitarekebisha darubini? Utarekebisha, ndiyo, lakini kwa umbali unaoujua. Kwenye Field Target, mashindano ya kuangusha shabaha za chuma kwa kupitisha peleti tunduni, umbali unaukadiria mwenyewe kwa darubini. Chukulia umepima mita 50 kumbe ni 53: pointi 177 inapiga chini kwa kama sentimita 2, pointi 22 kwa kama 3. Tundu la shabaha ya mbali lina upana wa milimita 40, yaani sentimita 2 kutoka katikati hadi ukingo. Moja imegusa ukingo na huenda ikaangusha shabaha, nyingine iko nje kabisa. Ndiyo maana ukienda kwenye mashindano hayo karibu kila mtu ana pointi 177.

"Lakini pointi 22 ni nzito, upepo hauiyumbishi." Hilo tunalisikia kila siku. Kwa juli 16 si kweli. Upepo wa pembeni wa mita 3 kwa sekunde, umbali mita 50, zote mbili zinasogea sentimita 8 au 9. Uzito unasaidia, ucheleweshaji unakula faida yote. Pointi 22 kwa nguvu hiyo ni ya mtu anayepiga panya ghalani au sungura wa karibu, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana.

Tuvuke bahari. Marekani, sheria ya shirikisho haizihesabu bunduki za upepo kuwa silaha za moto, ingawa majimbo na miji mingine ina masharti yake. Kule nguvu haina kufuli, na mashindano kama Extreme Benchrest ya Arizona yanapigwa kwa yadi 100, mita 91. Hapa mambo yanageuka.

Ukipewa nguvu nyingi, usiipeleke kwenye kasi. Peleti yenye sketi inatulia kati ya mita 260 na 280 kwa sekunde. Ukipita 290 unaanza kuisogelea kasi ya sauti, ambayo kwa nyuzi 20 za Selsiasi ni mita 343, na peleti inaanza kutikisika. Mita 30 karatasi inaonekana safi, mita 80 matundu yametawanyika, na watu wanalaumu mtutu. Kwa hiyo kasi unaiacha kwenye 270, nguvu iliyozidi unaibebesha uzito. Kwa kasi hiyo, pointi 22 nzito inabeba juli 43, pointi 25 nzito juli 80, pointi 30 juli 106. Upepo ule ule wa mita 3, sasa kwa mita 100: pointi 22 inasogea kama robo mita, pointi 25 kama sentimita 15. Pointi 30 inaipita pointi 25 kwa kidogo mno.

Ndiyo maana kura yangu kwa mita 100 ni pointi 25 nzito. Pointi 30 inakula hewa zaidi kwa theluthi kila ukifyatua, kopo lina peleti 150 wakati la pointi 177 lina 500, na kama unajaza chupa ya hewa ya bunduki kwa pampu ya mkono hadi shinikizo la baa 250, mabega yako yatakupa jibu.

Sasa yale yanayoharibu hata ukiwa umechagua vizuri. La kwanza ni kasi isiyolingana. Kwa pointi 25, risasi mbili zikitofautiana mita 6 kwa sekunde, kwa mita 100 zinapishana karibu sentimita 4 juu na chini. Nunua kronografu, kile kifaa cha kupima kasi ya risasi, kabla ya darubini ya bei mbaya. Piga risasi 20, na tofauti ya kasi kubwa na ndogo isizidi mita 3 kwa sekunde. Ikiwa risasi ya kwanza baada ya bunduki kupumzika inakwenda kasi kuliko zinazofuata, mara nyingi ni regyuleta, kifaa kinachosawazisha shinikizo la hewa, inayopitisha hewa polepole, na dawa ni kubadilisha sili, ule mpira wa kuzuia hewa. Kasi ikishuka mfululizo kuelekea mwisho wa chupa, umeshapita chini ya shinikizo la regyuleta. Acha kupiga, jaza.

La pili, tazameni hii peleti chini ya taa. Mnaona ukingo wa sketi umebonyea upande mmoja? Imegongana na wenzake safarini. Hewa itavuja hapo, itatoka imepinda. Mimina kiganjani kumi kumi, zilizobonyea weka pembeni za mazoezi ya mita 10.

La tatu wengi hawalijui: kuinamisha bunduki. Nyuzi 5 tu, ambazo jicho halizioni, kwa mita 100 peleti inakwenda pembeni kama sentimita 7, na wewe unasema upepo. Funga kipimo cha kiputo kwenye darubini, kitazame kabla ya kila risasi.

Slagi, zile risasi zisizo na kiuno, zinakata upepo vizuri zaidi, lakini zinataka mtutu ambao mifereji yake ya ndani ina mzunguko unaozifaa, na mara nyingi usiobanwa mdomoni. Pia zinafika mbali mno. Bila tuta la udongo nyuma ya shabaha, usizijaribu. Na peleti ya juli 80 vilevile haisimami kwenye ubao.

Ukishanunua, chukua aina tatu za peleti za uzito tofauti, weka bunduki juu ya gunia la mchanga mbele na nyuma, asubuhi kabla upepo haujaamka. Ukibadilisha aina, piga kumi za bure kwanza ili mtutu uzoee risasi mpya, kisha makundi matano ya risasi tano kwa mita 50. Pima kila kundi, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, na usitupe lile baya. Mkiniuliza matokeo yenu, andikeni kaliba, uzito wa peleti na kasi mliyoipima. Bila kasi sina la kuwajibu.