Uzi wa Vitanzi vya Springi za Piano: Upi Ununuliwe Kwanza

Katika piano nyingi za wima zenye mtambo wa nyundo wa aina iitwayo Schwander, kila nyundo husaidiwa kurudi na springi nyembamba ambayo ncha yake hushikwa na kitanzi cha uzi kilichogandishwa kwenye bawaba ya nyundo, yaani kipande kidogo cha mbao ambacho nyundo huzungukia. Kitanzi kikikatika, springi hukosa pa kujishikiza, nyundo huchelewa kurudi, na noti hiyo hugoma inapopigwa mara mbili upesi. Kwa kuwa vitanzi vyote huwa na umri mmoja, kikikatika kimoja kwa kuvutwa kidogo tu na ndoano, ni busara kubadilisha vyote 88.

Ninaloliweka la kwanza ni uzi wa poliesta uliosukwa. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, poliesta hunyonya maji kiasi cha asilimia 0.4 ya uzito wake, ilhali nailoni hunyonya takriban asilimia 4 na hariri 11. Kwa piano inayokaa Tanga, Mombasa au Unguja, tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Poliesta hainyumbuki ovyo, kwa hiyo kitanzi hubaki na urefu uleule uliokipa. Ila ni telezi, na gundi isipoingia vizuri katikati ya msuko, uzi huchomoka. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Gundi ya papo hapo itumike kwa tone dogo mno, kwani hupanda kupitia msuko hadi kwenye kitanzi chenyewe na kukifanya kigumu kama waya, kisha kikakatikia pale pale penye mpaka wa gundi.

Hariri ndiyo ya pili. Ni laini, haina kelele springi inapoteleza ndani yake, na inashikana vyema na gundi ya ngozi, ile inayopikwa kutokana na ngozi za wanyama. Mwenye piano ya kale anayetaka ibaki kama ilivyotengenezwa ana haki ya kuichagua, mradi akubali kwamba hariri huoza kwa miaka, na ndiyo sababu vitanzi vya zamani vinakatika leo.

Nailoni iliyosukwa ni ya tatu, kwa sababu hunyumbuka chini ya mvuto wa kudumu. Pamba ni dhaifu kwa kazi hii. Mshipi wa kuvulia samaki, ambao hupatikana kila duka la pwani na kwa hiyo hushawishi sana, usinunuliwe kabisa: ni uzi mmoja mgumu, haupendi gundi na hukwaruzana na springi.

Usiuamini mno mwandiko wa kwenye kibiringo. Choma ncha ya uzi: hariri hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayovunjika, pamba hunuka karatasi, na poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu, ambacho ni lazima kikatwe kabla uzi haujaingia katika mfuo wa bawaba.

Unene upimwe kwenye mfuo wenyewe, kwa kipande cha uzi wa zamani mkononi, kwani uzi mnene huizuia bawaba kukaa sawasawa kwenye reli yake, yaani ubao mrefu unaoshikilia bawaba zote. Ukitenga sentimita 5 kwa kila kitanzi utahitaji mita 4.4, nunua 6, maana vile vya kwanza huwa na makosa.