Hali ya Kuendesha Gari ya iPhone: Inamfaa Dereva Kijana kwa Kiasi Gani?

Sheria za simu barabarani humtazama dereva mtu mzima kwa jicho moja na dereva kijana kwa jicho jingine. Katika nchi nyingi mtu mzima hukatazwa kuishika simu mkononi tu, ilhali katika baadhi ya nchi na majimbo kijana aliyepata leseni juzi hukatazwa kuitumia kabisa, hata kama anazungumza kupitia spika za gari na mikono yake yote miwili iko kwenye usukani. Nimekuwa nikiitumia hali ya kuendesha gari iliyomo ndani ya iPhone, yaani mpangilio unaoituliza simu gari linapokuwa kwenye mwendo, kwenye simu yangu na kwenye simu ya mwanangu anayejifunza udereva, na kipimo changu kimekuwa kimoja: je, inamweka kijana ndani ya sheria inayomhusu yeye, au inamweka ndani ya sheria ya wazazi wake?

Tofauti hiyo ni kubwa. Jimbo la California nchini Marekani, kwa mfano, liliwakataza madereva walio chini ya miaka 18 kutumia simu ya aina yoyote kuanzia tarehe 1 Julai 2008, iwe imeshikwa au haikushikwa, isipokuwa kwa dharura, wakati watu wazima walibakishiwa ruhusa ya kuzungumza bila kuishika. New South Wales nchini Australia nayo inawazuia wenye leseni za mwanafunzi na wenye leseni za muda kuigusa au kuzungumza nayo kwa namna yoyote wanapoendesha, na kwa mwanafunzi au mwenye leseni ya muda ya daraja la kwanza kosa moja linatosha kumaliza alama zote za adhabu anazoruhusiwa kabla ya kusimamishwa leseni. Uingereza imepita njia nyingine: sheria ni moja kwa wote, lakini tangu Machi 2017 adhabu ya kushika simu ni pauni 200 na alama 6 za adhabu kwenye leseni, na dereva anayefikisha alama 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza hufutiwa leseni. Kosa moja, basi, linamrudisha kijana mwanzo kabisa.

Ukali huo una sababu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, David Strayer akiwa mmoja wao, walionyesha mwaka 2006 kwa mashine ya kuigiza uendeshaji kwamba mazungumzo ya simu humdhoofisha dereva vilevile, awe ameishika au hakuishika. Kinachochukuliwa na mazungumzo ni akili, na dereva mgeni hana akiba ya akili ya kugawa. Bado anafikiria kioo, gia, umbali na alama za barabarani, mambo ambayo dereva mzoefu huyafanya bila kuyawaza.

Hali ya kuendesha gari ilianza mwaka 2017 na toleo la 11 la iOS, mfumo unaoiendesha iPhone, na tangu toleo la 15 la mwaka 2021 imewekwa pamoja na hali nyingine za kutuliza simu. Inawashwa kwa njia tatu: kwa mkono, simu inapoungana na Bluetooth ya gari, au yenyewe inapohisi mwendo wa gari. Kwa kijana ninapendekeza njia ya tatu, kwa sababu haimtaki akumbuke chochote. Gari likishika mwendo, skrini hutulia, ujumbe huingia bila mlio wala mwanga, arifa za mitandao ya kijamii hujikusanya zikisubiri safari iishe, na mtumaji aliyemo kwenye kundi uliloliruhusu hupokea jibu la kumjulisha kwamba unaendesha na utausoma ujumbe wake ukifika. Ramani ya njia haizimwi, jambo jema kwa mtu asiyezijua barabara vizuri, ilimradi anwani iandikwe kabla gari halijaondoka.

Jibu hilo la kujituma ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote, na kwa maoni yangu ndilo lililomfanya mwanangu akubaliane na mpango mzima. Linalomsukuma kijana kuinua simu mara nyingi ni hofu kwamba mwenzake atadhani amepuuzwa. Hapa mwenzake anajibiwa papo hapo, anaelewa, na deni la kujibu linaondoka kabla mwenye simu hajajua kwamba lilikuwepo. Maneno yenyewe yanaweza kubadilishwa, mwanangu aliyafuta yaliyokuwepo akaandika, "Niko kwenye usukani, nikifika nakujibu." Marafiki zake walizoea haraka, na baadhi yao wakaniomba niwaonyeshe namna ya kuiwasha kwenye simu zao.

Thamani ya ukimya huo inaonekana ukipiga hesabu. Kusoma au kuandika ujumbe mmoja hukadiriwa kuyaondoa macho barabarani kwa sekunde 5 hivi, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hupita zaidi ya mita 110 katika muda huo. Mwaka 2015 taasisi ya AAA Foundation for Traffic Safety ya Marekani ilitoa matokeo ya kuchambua video karibu 1,700 za kamera zilizofungwa ndani ya magari ya madereva vijana. Waliokuwa wakitumia simu walikuwa wameyatoa macho barabarani kwa wastani wa sekunde 4.1 kati ya sekunde 6 za mwisho kabla ya ajali, na katika zaidi ya nusu ya ajali za kugonga gari la mbele hawakuwa wamefanya lolote kujiokoa, wala kukanyaga breki wala kukata usukani. Haki inataka niseme pia kwamba katika uchunguzi huohuo abiria walitangulia simu kwa kuwapotezea madereva makini, na kwa hilo hakuna mpangilio wa simu unaoweza kusaidia.

Sasa niingie kwenye upungufu. Simu ikiwa imeunganishwa na Bluetooth ya gari, hali hii huruhusu kupigiwa, na sauti hutoka kwenye spika. Kwa mtu mzima utaratibu huo unaendana na sheria nyingi. Kwa kijana wa miaka 17 wa California au mwanafunzi wa New South Wales, simu hiyo inayoita ndani ya gari ni mwaliko wa kuvunja sheria, nao unatolewa na chombo kilichowashwa ili kumlinda. Dawa niliyoiona nyepesi ni kutoiunganisha simu ya kijana na gari kabisa, na kuiacha hali iwashwe na mwendo. Upungufu mwingine ni wa kundi la wanaojibiwa. Jibu la kujituma humweleza mtumaji kwamba akiandika neno fulani la dharura, ujumbe wake utapenya. Kwa mama au baba hilo ni jambo la busara. Kwa marafiki wenye umri wa miaka 16, kila jambo ni dharura. Kundi hilo libaki la watu wachache wa nyumbani, hata kama marafiki watakosa jibu zuri nililolisifu.

Kisha kuna kitufe cha kusema huendeshi. Kimewekwa kwa ajili ya abiria, kwa kuwa simu inatambua mwendo tu na haiwezi kujua umekaa kiti gani. Kijana akikigusa, ukimya wote umekwisha. Mzazi anaweza kuingia kwenye mipangilio ya muda wa skrini, kwenye sehemu ya vizuizi, akazuia hali hii isibadilishwe bila nywila yake. Nawasihi wazazi wafanye hivyo siku leseni inapopatikana, wakiwa wamekaa na kijana mezani, naye akijua nini kinawekwa na kwa nini. Hata hivyo, kufuli hiyo inalinda mipangilio tu, haiondoi kitufe.

Mtu anaweza kusema kwamba mengine ni kazi ya polisi. Polisi ana mipaka yake. Sheria hiyohiyo ya California haimruhusu askari kulisimamisha gari kwa sababu tu ya kutaka kujua kama kijana anazungumza bila kuishika simu. North Carolina, jimbo jingine la Marekani, iliwapiga marufuku walio chini ya miaka 18 kutumia simu wanapoendesha kuanzia tarehe 1 Desemba 2006, na watafiti waliowaangalia madereva vijana wakitoka shuleni alasiri walikuta asilimia 11 wakitumia simu kabla ya sheria na karibu asilimia 12 miezi michache baadaye. Kwa hiyo chombo kinachokaa mfukoni mwa kijana kila siku kina uzito ambao maandishi ya sheria peke yake hayana, na ndiyo maana nakidai zaidi.

Kwa kulinganisha, nimeitazama pia MyKey ya Ford, iliyoanza na magari ya mwaka wa 2010, ambapo mzazi huupangia ufunguo wa kijana masharti yake. Katika magari yenye SYNC, mfumo wa Ford unaoiunganisha simu na gari, ufunguo huo unaweza kuzuia simu na ujumbe visiingie kupitia gari, hivyo unaziba pengo la Bluetooth ambalo iPhone imeliacha wazi. Udhaifu wake ni kinyume cha ule wa iPhone: simu isiyounganishwa na gari haiguswi nao hata kidogo, na kijana anaweza kuishika mkononi kama kawaida. Mwenye gari la namna hiyo avitumie vyote viwili.

Nyota ninazoipa hali ya kuendesha ya iPhone ni 4 kati ya 5 kwa mtu mzima na 3 kwa dereva kijana. Nyota ya nne ningeitoa kwa furaha kama watengenezaji wangefanya jambo moja lililo ndani ya uwezo wao. Akaunti ya mtoto iliyofunguliwa chini ya familia tayari ina tarehe yake ya kuzaliwa, na simu inaitumia tarehe hiyo kuamua ni programu zipi apakue. Iitumie pia kwenye usukani: mwenye umri chini ya miaka 18 asipigiwe kupitia spika za gari isipokuwa na namba za dharura alizoziidhinisha mzazi, na anapogusa kitufe cha kusema haendeshi, mzazi apate taarifa.