Wanachuo wa kujitolea na sayansi kwa vitendo: maoni ya mwalimu wa Kasulu

Shule yetu, ambayo ni sekondari ya kata wilayani Kasulu, iliwapokea wanachuo wanaojitolea kufundisha sayansi kwa vitendo wakati wa likizo yao ndefu, na kwa jumla huduma yao naipa nyota nne kati ya tano. Hawatozi ada; shule huwapatia malazi na chakula, nao huja na sanduku lao la vifaa.

Somo lililofana kuliko yote ni la asidi na besi kwa kidato cha tatu. Badala ya karatasi za litmasi, zinazobadilika rangi kuonyesha asidi au besi na ambazo kwetu huisha mapema, walichemsha choya kavu ya sokoni, wakaipoza, kisha wakamimina maji yake mekundu katika vikombe vitatu. Kilichotiwa limau, yaani asidi, kilikolea wekundu, kilichotiwa maji ya majivu, yaani besi, kikageuka kijani kilichofifia, na cha tatu kikaachwa kwa ajili ya kulinganisha. Hapo maswali yakaanza kumiminika kuhusu sabuni ya mawese, na binti mmoja akakimbilia bwenini kuleta kipande ili nacho kijaribiwe.

Somo la joto halikufikia kiwango hicho. Maji yalipotokota, kipimajoto kiligota kwenye nyuzi 96, na mwanachuo aliyeongoza akatangaza kwamba kifaa ni kibovu kwa kuwa kitabu kinasema 100. Kifaa kilikuwa kizima. Kasulu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa pwani, na kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 (Kigoma mjini, kando ya ziwa, kingesoma 97 na ushei). Ilibidi niombe jaribio lirudiwe kesho yake, safari hii kwa maelezo sahihi.

Dosari nyingine ni kwamba sanduku huondoka nao, na masomo ya umeme yakabaki ubaoni kama zamani. Mkuu wa shule anayetaka kuwaalika aombe mapema orodha ya majaribio, achague yale ambayo vifaa vyake vinapatikana sokoni, na mwalimu wa somo asitoke darasani. Kidato cha nne wasipangiwe Oktoba, kwani mtihani wa taifa wa Novemba huwa umekwisha kuwabana na hakuna mwenye nafasi ya kuchemsha choya.