Excel, Jira au Doorstop? Mahitaji ya mfumo uyaweke wapi

Habari zenu, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu mpya wala laptopu. Kuna faili moja la Excel lenye mahitaji ya mfumo, yaani orodha ya mambo ambayo programu lazima iyafanye, na nitalifungua mbele yenu ingawa linanitia aibu.

Oneni mstari wa 41: mwanachama akope hadi mara tatu ya akiba zake. Huu ni mfumo tulioitengenezea sacco moja, jina naliacha. Kamati ya mikopo ikabadilisha, ikawa mara mbili. Mwenzangu akarekebisha mstari, akaupaka njano, akaendelea na mengine. Msimbo (code) haukuguswa, na jaribio lililokuwa likipima mara tatu halikuguswa, kwa hiyo kila tukiendesha majaribio ni kijani tupu, yote yanafaulu. Tuligundua siku ya kukabidhi, mbele ya mhasibu wao. Mama yule wala hakugomba. Alitoa kikokotoo tu.

Ndiyo maana ukiniuliza uchague programu gani ya kutunza mahitaji, nami nitakuuliza: ukibadilisha sentensi moja, nani atakwambia vitu gani vingine vimeguswa? Grafu na rangi nzuri tutaongea baadaye.

Excel haisemi kitu. Jira, programu ya kufuatilia kazi za timu, naitumia kila siku, ila ilijengwa kwa ajili ya kazi. Kazi ikiisha, tiketi inafungwa. Hitaji linabaki mpaka mfumo wenyewe uzimwe. Utaunganisha tiketi mbili, lakini ukibadilisha maneno ya moja, ya pili imelala vilevile, labda uiongezee programu ya ziada. IBM DOORS, programu kubwa ya kutunza mahitaji, hilo inaliweza sana, na watengenezaji wa ndege wameitumia miaka mingi. Kwa timu yetu ya watu wanne ni sawa na kukodi semitrela ibebe gunia moja la mkaa.

Sasa sogeeni hapa. Hii ni Doorstop, programu ya bure ya kutunza mahitaji, imeandikwa kwa lugha ya Python. Kila hitaji ni faili lake la maandishi, linakaa pamoja na msimbo ndani ya Git, ile programu inayotunza historia ya kila badiliko. Nina REQ001, hitaji la mkopo, na TST001, jaribio lake, nimeyaunganisha. Nafungua REQ001, nafuta "tatu", naandika "mbili", nahifadhi. Naandika doorstop, nabonyeza enta... Mmeona? Onyo: kiungo cha TST001 kinatiliwa shaka. Neno moja tu nimegusa! Ilishahifadhi alama ya yale maneno ya mwanzo, na sasa hailingani. Itaendelea kulalamika mpaka mtu apitie lile jaribio na kulithibitisha upya.

Ubaya wake? Yule mama mhasibu huwezi kumfungulia terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Dirisha la kubofya lipo, ila lina sura ya kizamani, mteja usimwonyeshe. Mimi namtolea faili la Excel, ndiyo, Excel ileile, anaandika marekebisho yake, kisha nayaingiza kwa amri ya doorstop import. Namwomba kitu kimoja: safu ya namba za REQ asiiguse.

Kama mnatengeneza kifaa cha hospitali na mkaguzi anawasubiri, hapo msinifuate. Angalieni Jama au Polarion, programu za kulipia za kutunza mahitaji, na kabla ya kulipa ulizeni kama inatoa mahitaji kwa muundo wa ReqIF, muundo wa kuhamisha mahitaji kati ya programu tofauti, ili siku mkihama mtoke na mizigo yenu. Amri zote nilizoandika leo ziko chini ya video.