Uzoefu wangu na DRBD 8.4 kati ya Kisumu na Nakuru

Kwa kunakili data papo kwa papo kati ya seva mbili za Debian, moja Kisumu (ndiyo kuu) na nyingine Nakuru (ya akiba), DRBD, programu ya Linux ya kunakili diski kupitia mtandao, imeniridhisha. Inakaa chini ya mfumo wa faili na kutuma kila bloku inayoandikwa, kwa hivyo PostgreSQL na faili za kawaida husafiri pamoja kwa mpangilio uleule. Mbadala wake, Lsyncd, hunakili faili badala ya bloku: hungoja sekunde 15 kisha huita rsync. Inafaa picha na hati, ila usiielekeze kamwe kwenye saraka ya hifadhidata.

Kusakinisha DRBD ni rahisi. Moduli imo ndani ya Linux tangu 2.6.33, unaongeza `drbd-utils` tu. Kwenye faili ya usanidi ya DRBD, jina la seva unaloandika baada ya `on` lazima lilingane na jibu la `uname -n`, herufi kwa herufi. Endesha (`r0` ni jina ulilolipa diski inayonakiliwa) `drbdadm create-md r0` na `drbdadm up r0` pande zote mbili, halafu `drbdadm primary --force r0` upande wenye data peke yake. Hapo tulia uangalie uko kwenye mashine gani, maana ukikosea, diski tupu itaandikwa juu ya ile iliyojaa. Kwenye `fstab` weka `noauto`, ili diski hiyo isipachikwe yenyewe seva ikiwaka.

Usipitishe nakala ya kwanza kwenye laini ya mbali. GB 500 kwa Mbps 20 ni takriban saa 55. Unganisha seva zote mbili kwenye swichi moja ya gigabiti kwanza, kazi ya saa moja na nusu hivi, kisha ya pili isafirishwe Nakuru na ubadilishe IP. Kwenye usanidi chagua protokali A, ambayo haingoji jibu la upande wa pili. C huilazimisha Kisumu ingoje jibu la Nakuru kwa kila andiko, na watumiaji watalia. Gharama ya A ni kwamba kilichokuwa bado kwenye bafa ya TCP (foleni ya kutumwa) hupotea seva ikizimika ghafla. Tena DRBD 8.4 haifichi data njiani, kwa hivyo mimi huipitisha ndani ya WireGuard, aina ya VPN.

Shida kubwa huja na stima na laini zinazokatika. Mawasiliano yakirudi, bloku zilizobaki nyuma hutumwa kwa mpangilio wa diski, si wa kuandikwa. Wakati huo `/proc/drbd` huonyesha `ds:UpToDate/Inconsistent`, na Kisumu ikifa dakika hiyo, nakala ya Nakuru haitumiki. Wengi huruka jambo hili. Weka diski ya Nakuru juu ya LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski, unaoweza kuhifadhi hali yake ya wakati fulani), acha nafasi wazi (mimi huacha asilimia 15), na kwenye sehemu ya `handlers` ya usanidi uweke `before-resync-target "/usr/lib/drbd/snapshot-resync-target-lvm.sh"` pamoja na `unsnapshot-resync-target-lvm.sh` kwenye `after-resync-target`. Hapo unabaki na nakala kamili ya hali ya diski kabla ya usawazishaji huo.

Ukiipandisha Nakuru kuwa kuu huku Kisumu bado inaandika, logi itasema `Split-Brain detected but unresolved, dropping connection!` na hali itakuwa `StandAlone`: kila upande una data yake tofauti na seva zimeacha kuwasiliana. Amua ni upande gani utatupwa, nakili kwanza faili zake mpya mahali pengine, ishushe diski kwa `umount`, kisha upande huohuo: `drbdadm secondary r0`, `drbdadm connect --discard-my-data r0`. Upande unaobaki, `drbdadm connect r0`.