The Steel Claw: mkono wa chuma unaoelea bila mwenyewe

Juzi nimemaliza kitabu kilichokusanya hadithi za mwanzo za The Steel Claw, katuni ya Uingereza iliyoanza Oktoba 1962 katika toleo la kwanza la jarida la Valiant. Nilikiagiza mtandaoni, kikafika pembe moja imekunjika kwa sababu muuzaji alikitia kwenye bahasha nyembamba tu. Ukiagiza, omba boksi.

Louis Crandell ni msaidizi wa maabara aliyepoteza mkono wa kulia, akawekewa wa chuma. Siku moja umeme unampiga na mwili wake wote unatoweka machoni pa watu, isipokuwa ule mkono. Wala hafikirii kuokoa mtu. Anafikiria kuiba! Hapo ndipo aliponinasa, maana mashujaa wa Kimarekani niliokua nao wakipata nguvu tu wanajishonea vazi na kwenda kutenda mema. Crandell ana kinyongo na dunia. Kazi ya ushushushu upande wa haki inakuja baadaye.

Mwandishi wa mwanzo ni Ken Bulmer, lakini kwangu mimi roho ya kitabu ni mchoraji, Jesús Blasco wa Uhispania. Wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, basi. Vivuli vizito ukutani, nyuso za watu zenye hofu ya kweli, halafu katikati yao kiganja cha chuma kinaelea: hakuna bega, hakuna mtu. Nguvu zikimwishia inabidi atafute umeme tena, na kila vidole vile viliposogelea soketi nilijikuta nimekunja vyangu.

Kosa langu ni kutaka kukimaliza usiku mmoja. Hadithi hii ilitoka kurasa chache kila wiki, kwa hiyo kila ukienda kidogo unakuta hatari imekatwa njiani, kisha kipande kinachofuata kinakukumbusha ulichosoma dakika moja iliyopita. Inachosha. Nilipoanza upya, kipande kimoja kila siku baada ya chakula cha jioni, kama zile hadithi za gazetini zinazoishia na "itaendelea", utamu wake ukaja wenyewe.

Nimeshaagiza The Spider, mhalifu mwingine aliyeanza 1965 katika jarida la Lion na baadaye akaandikwa na Jerry Siegel, mmoja wa wawili waliombuni Superman. Safari hii nimeomba boksi.