Kuacha kazi au kupunguza saa, ukiwa Uingereza kwa viza ya kazi

Mwenzi wako amepata ulemavu, nawe una viza ya Skilled Worker, yaani ya mfanyakazi mwenye ujuzi aliyedhaminiwa na mwajiri. Ukiacha kazi, utakuwepo kumgeuza kitandani na kumpeleka kliniki. Lakini mwajiri ataripoti kwa idara ya uhamiaji, na kwa kawaida viza hufupishwa hadi siku 60. Posho ya mtunzaji hupati, maana viza hiyo haikuruhusu kuchukua fedha za umma. Na kama mwenzi wako yupo kwa viza yako, naye ataguswa.

Kubaki kazini kunachosha, tena sana. Ila tangu Aprili 2024 una haki ya kuomba kupangiwa saa upya tangu siku ya kwanza ya ajira, na wiki moja ya likizo ya utunzaji kwa mwaka, bila malipo. Mshahara tu usishuke chini ya kiwango cha viza. Mimi ningeanzia hapa. Barua ya kujiuzulu ingemsubiri wakili wa uhamiaji.